Picha Nyeupe ya Mzee Salvator

Naanza na aibu yenyewe msije mkasema nimeificha: mimi Claudine, mpiga picha wa mtaa wa Musaga, mtu wa picha za pasipoti na vitambulisho, niliwahi kumuua mzee mzima saa sita mchana, na mzee huyo ndiye mwenye nyumba aliyenipangisha studio, na wala hakuwa anaumwa hata mafua.

Sikutumia kisu. Nilitumia shuka.

Kuna mtindo wa picha niliouona kwenye simu nikaupenda mpaka chakula kikawa hakipiti: nyuma kweupe, nguo nyeupe, kivuli hakuna, unabaki uso wa mtu tu katikati ya mwanga. Nikasema lazima nijaribu, na wa kujaribia nikamchagua Mzee Salvator, mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya, kwa sababu ana uso mzuri wenye mikunjo yake, na kwa sababu (niseme ukweli) mkewe hakuwepo. Mama Josiane alikuwa ameenda Rumonge kumtazama binti yao aliyejifungua, na Mama Josiane si mtu wa kukubali shuka zake zitundikwe ukutani.

Jumamosi asubuhi nikatundika shuka juu ya dirisha, nikamkalisha mzee mbele yake na shati lake jeupe la kwaya, nikaiongezea kamera mwanga hadi basi. Picha ya kwanza shuka liling'aa ajabu, ila mzee mwenyewe alitoka mweusi kama sufuria ya maharage. Nikaona hapa panataka flashi ya kujazia uso mwanga. Nikampiga nayo moja kwa moja, paji likawaka kama kioo na jicho moja likafumba.

"Claudine, unataka kunipofusha?"

"Vumilia kidogo, Muzee."

Nikaigeuza flashi itazame dari, nikaipunguza nguvu, nikaifunika na karatasi ya chooni (ndiyo, ya chooni, msinicheke), na mwanga ukamshukia taratibu, vivuli vya chini ya macho vikaondoka, mzee akatazama juu kidogo akitabasamu, kama anayeona kitu kizuri ambacho sisi wengine bado hatujakiona. Sijawahi kupiga picha nzuri namna ile. Mzee akabadilisha shati, akapanda baiskeli kwenda kuangalia shamba lake la nyanya huko Ruziba, nami nikaiweka picha kwenye status yangu, bila neno hata moja, kwa sababu nilijiona msanii, na msanii haelezi.

Sasa nyinyi mnajua, na mimi nilijua pia ila majivuno yalinipanda kichwani: hapa kwetu ukiweka status ya mzee, peke yake, kweupe pande zote, anatabasamu, halafu usiandike kitu, hakuna anayeuliza picha kapiga nani. Watu wanauliza mazishi ni lini.

Simu yangu ilikuwa imebaki na asilimia tatu na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, basi ikazima, nami nikaenda zangu kusukwa, nikakaa huko masaa manne nikimsimulia msusi jinsi picha yangu itakavyoniletea wateja wa harusi.

Watu nilikuwa nimewaleta kweli. Saa kumi narudi, naona uani kwetu viti vya plastiki, turubai linafungwa kwenye nguzo, wanaume wamesimama mikono nyuma, na kwaya nzima ya mzee inaimba kwa sauti ya chini. Mama Chantal, jirani yetu, akanirukia shingoni akilia.

"Pole mwanangu, pole. Ni we ulijua wa kwanza. Alifia wapi?"

"Nani?"

"Si Muzee Salvator! Si we uliweka photo? Tulimupigia simu, haipiti. Tukakupigia na we, haipiti. Tukasema basi, ni kweli."

(Simu ya mzee nayo ilikuwa imezima. Umeme ni ule ule.) Nilitaka kucheka, ila hapo ndipo nilipomkumbuka mkewe.

"Mama Josiane anajua?"

"Tulisha muambia. Iko mu njia, inakuja."

Jamani, niliogopa. Mama Josiane ana presha. Mwaka uliopita alipewa habari ya msiba wa dada yake palepale sokoni akaanguka, na mimi ndiye niliyempakia kwenye teksi kumpeleka hospitali, na nilimsikia daktari kwa masikio yangu akisema mama huyu asipewe tena habari ya ghafla, mara ya pili hatainuka. Nikapiga kelele: "Hajafa! Muzee hajafa!" Mnafikiri walifurahi? Wanawake wawili walinishika mikono, wakanikalisha kwenye mkeka, mmoja akanimwagia maji kichwani (nywele mpya!) akiwaambia wenzake, "Mumuache, ni choc, akili imeruka, alimupenda sana."

Nilikuwa bado napigana nao mzee alipoingia na baiskeli yake na kikapu cha nyanya. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza akaruka ua akakimbia. Mzee akaona viti, akaona turubai, akavua kofia na kuanza kuwapa watu mkono mmoja mmoja, "Poleni, poleni sana," mpaka alipofika kwangu akaniuliza polepole, "Claudine, nani amekufa?"

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Hakunikaripia. Aliuliza swali lile lile langu, kama mkewe anajua, na nilipoitikia, uso ule mzuri ukawa wa majivu.

Simu ya mama haikupatikana. Ndipo ukaja ubishi mbaya kuliko wote: mzee asimame barabarani aonekane, au ajifiche? Asipoonekana, mama ataanguka akiona turubai. Akionekana, ataanguka akiona mfu amesimama. Mimi nilikuwa namwomba Mungu tu anichukue mimi badala yake, halafu nikiogopa asije akakubali. Mwishowe mzee akasema turubai litolewe, viti viingizwe ndani, watu wote wanyamaze kimya, naye akasimama nyuma ya geti lililofungwa.

Saa kumi na moja na nusu pick-up iliyotoka Rumonge, imejaa bidoni za mafuta ya mawese, ikasimama mbele ya geti. Kupitia tundu la geti nilimwona Mama Josiane akishushwa na watu wawili, kitenge amekifunga kiunoni, mdomo wazi lakini sauti haitoki, mkono kifuani. Akapiga hatua moja. Ya pili ikamshinda.

Mzee akakohoa, kisha kwa sauti yake ya kila siku, ile ya mtu mwenye njaa, akaita:

"Mama Josiane! Chumvi umeiweka wapi?"

"Iko mu kabati, juu, we unatafutaka na macho gani?"

Alijibu hivyo hivyo, kwa hasira, kabla hajakumbuka kwamba mumewe amekufa. Kisha akakaa chini mavumbini taratibu, na mzee akafungua geti akaenda kukaa karibu naye, na sisi kwenye tundu tukalia wote, hata wale waliokuwa wamenikasirikia.

Alipopata nguvu aliomba kuiona picha. Nilimpa simu (tayari nimechaji kwa jirani mwenye sola) nikarudi nyuma hatua tatu, nikijua lazima itarushwa. Aliitazama muda mrefu.

"Ni muzuri," akasema. "Sasa na mi utanipiga namna hii hii. Leo nimekufa mara moja mu njia. Ya pili inikute niko tayari."

"Mana yanje, Mungu wangu! Mama, apana!" nikapiga kelele.

Tangu siku ile uso wa mtu siuweki kwenye status bila kuandika juu yake kwa herufi kubwa: YUKO HAI. Mama Josiane naye hajasahau. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita studio amevaa nyeupe tupu, anakaa kwenye kiti, ananyoosha shingo, na kila Jumapili namwambia flashi imeharibika.