Mama Mikanda na migongo inayojidai mizima

Saa moja asubuhi, Mama Mikanda ameshakasirika. Amesimama katikati ya stoo ya vifaa vya kupigia mbizi, mikono kiunoni, akimtazama dereva wa lori aliyejivalisha mwenyewe jaketi la kubebea mtungi wa hewa na kulikaza mabegani mpaka shingo imezama.

"Kaka, nani amekuambia uvute hiyo mikanda?"

"Mzigo usipokazwa unahama, dada."

"Huu si mzigo. Huu ni mgongo wako."

Dereva anacheka. Mama Mikanda hacheki. Anafungua kifungo kimoja baada ya kingine, na kazi inaanza upya.

Jina hilo la utani alipewa na nahodha wa boti, ambaye ni shemeji yake na hakosi neno la kumchokoza. Kazi yake ni kuwavalisha wateja wa shule hii ya kupiga mbizi, na wenye migongo mibovu wote hutupiwa yeye, kwa sababu wa kwake nao ni mbovu. Kwa miaka mingi alibeba mitungi ya hewa kutoka stoo hadi botini, miwili miwili. Mtungi mmoja, pamoja na jaketi na mipira yake ya kupumulia, unapita kilo ishirini. Siku moja akainama kuokota soksi, akashindwa kuinuka.

"Mitungi yote ile haikuniangusha, nikaangushwa na soksi," anasema. "Ukiwasimulia watu wanacheka. Basi wacheke."

Kinachomchosha si migongo, ni uongo. Mteja anaingia akitembea kama amemeza fimbo, ukimuuliza anasema mzima kabisa. Kisha anashikilia meza ili avue kiatu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema. "Hapa kwetu hatusubiri mpaka huko. Ngazi ya boti inatosha."

Ngazi ilishamuumbua dereva huyu. Mwezi uliopita alikuja kuzama na binti yake, ambaye ndiyo kwanza amefuzu kuwa mkufunzi. Mama Mikanda hakuwa kazini siku hiyo. Dereva akajichagulia jaketi linalopendeza kuliko yote, akajifunga kiunoni ule mkanda wenye vipande vya risasi unaomsaidia mtu azame, na wakati wa kutoka majini akapanda ngazi na uzito wote huo. Mgongo ukagoma katikati. Watu wakamvuta kama gunia, na binti akarudi nyumbani analia.

Daktari amemruhusu ajaribu tena, mradi asibebe uzito wowote akiwa nje ya maji. Mkewe naye ametoa lake: leo ikishindikana, asisikie tena habari za baba na binti kuzama pamoja.

Kwa hiyo Mama Mikanda anamkalisha kwenye kiti, jaketi likiwa mwilini, anampa kikombe cha chai. Ndivyo anavyopima. Mtu anywe taratibu, na pahali panapombana patajulikana kabla chai haijaisha.

"Wengine wanasimama mbele ya kioo dakika moja, wanasema safi," analalamika. "Kioo kina mgongo?"

Dereva anaimaliza chai haraka haraka. "Jaketi liko safi, dada. Halinibani popote."

"Umeimeza ya moto ili uondoke. Kaa."

Inamiminwa ya pili. Safari hii, akifika nusu ya kikombe, anajikuna bega la kushoto, na jaketi hilo linarudi kwenye msumari wake. Linaletwa jingine, jepesi, lenye mkanda mpana wa kuegemea nyonga. Inafuata nguo ya mpira yenye zipu ya mbele, asilazimike kujipinda kutafuta zipu mgongoni, na mapezi mepesi ya miguuni yenye springi kisiginoni, yasiyomtaka mtu ainame kukaza.

Kwenye risasi wanagombana. Dereva anazitaka zote kiunoni, kama wanaume wengine.

"Ukipakia lori, mzigo wote unautupa kwenye ekseli moja?"

"Mimi mwehu?"

"Basi na mimi si mwehu."

Anazigawa: nyingine kwenye mifuko ya pembeni ya jaketi, nyingine juu karibu na mtungi. Kiunoni habakizi kitu. Kisha anamwambia kwamba vifaa vitashushwa majini kwanza, naye atavivalia humo humo, na kuvivua humo humo kabla ya kugusa ngazi.

"Nivalishwe majini kama mtoto anayeogeshwa? Binti yangu ananiangalia."

"Binti yako alishakuangalia ukivutwa kama gunia. Chagua."

Boti inapoondoka, Mama Mikanda hasemi kwamba ana wasiwasi. Anavilaani tu vyote vinavyomjia mdomoni: vifungo, chumvi, shemeji.

Kabla ya adhuhuri wanarudi. Dereva anashuka kwa miguu yake, kifua mbele. "Si nilikuambia mimi mzima," anasema, na kupita moja kwa moja kwenda kuoga. Mama Mikanda anafumba macho, anavuta pumzi.

Binti anabaki nyuma kurudisha vifaa.

"Mama, huko chini baba alinisimamisha," anasema. "Akachukua mkono wangu, akauweka mgongoni mwake, akatikisa kichwa. Kumbe alikuwa ameikaza tena mikanda kisirisiri. Nikailegeza, tukaendelea mpaka hewa ilipotutaka turudi."

Analitundika jaketi la baba yake.

"Tangu nizaliwe baba hajawahi kuniambia anaumwa. Hata siku ile alisema ameteleza."

Mama Mikanda anaketi juu ya kreti, anajifuta macho kwa pindo la khanga, na hafichi kwamba analia. Hasira, anasema, bado anayo.

"Miaka yote nawauliza hapa stoo, mahali ambapo wana mdomo wa kunidanganyia."

Kuanzia wiki ijayo, kila mwenye mgongo atakubaliana na mwenzake wa kuzama naye ishara ya mkono ya kusema unauma, kabla hajagusa jaketi lolote. Bosi anasema ni kupoteza muda. Mama Mikanda amemwambia apoteze wa kwake kwingine.

Na dereva, je? Atarudi Jumamosi. Jaketi lake limeshawekwa pembeni, na Mama Mikanda anatafuta sindano nene na uzi, ashone kizuizi kwenye mikanda ya mabegani, isivutike kupita hapo hata akijaribu kwa meno.