Baba Alilia Mbele ya Watu

Kuna harufu moja ambayo ikinipata popote nilipo, hunirudisha nyumbani kwetu mtaa wa Oli, mjini Arua, kabla sijajiandaa. Ni harufu ya shati jeupe lililotiwa wanga wa muhogo, likipigwa pasi ya makaa. Wanga ukiungua kidogo hunuka kama ugali ulioshika chini ya sufuria, na mvuke wake haukutoki puani upesi. Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi, jirani yangu akatoa pasi yake ya zamani akaanza kazi karibu na dirisha langu. Niliacha nilichokuwa nikifanya nikakaa chini. Nilimwona baba yangu amesimama na fulana ya ndani, anamsubiri Mama amalize kola.

Lilikuwa shati la Jumapili. Baba alikuwa Mmormoni.

Najua neno hilo linavyoingia masikioni. Sisi wa Arua tulikuwa tumezoea Wakatoliki wa Ediofe, Waislamu, Waanglikana, na walokole wenye spika zao. Wamormoni walikuwa kitu cha juzijuzi. Tena ukoo wa Baba ni Wanubi wa Koboko, watu wa jeshi tangu babu wa babu, Waislamu ambao hata paka wao anajua saa ya magharibi. Mama yeye alizaliwa Ediofe, akasikia kengele ya kanisa kuu kabla ya kusikia jina lake, akasilimu alipoolewa, na Baba alipobatizwa, akabatizwa naye. "Mimi dini tatu, bwana moja," alikuwa akisema, akicheka peke yake jikoni.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema wanaoingia huko wanaahidiwa kupelekwa Amerika. Wengine walisema wanaapishwa juu ya fuvu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilizaliwa mkaguzi. Nilipekua kabati la Baba mara mbili nikitafuta fuvu, nikapata tai mbili, kitabu cha nyimbo na soksi moja isiyo na mwenzake.

Nakuambia wewe kwa sababu najua hutampelekea mtu maneno: kilichonisumbua hakikuwa fuvu. Kilichonisumbua ni kucheka. Kanisa lao lilikuwa nyumba ya kupanga yenye viti vya plastiki, na humo kila mtu mzima alikuwa na tabasamu. Wanakushika mkono kwa mikono miwili, wanauliza habari za wiki na kweli wanasubiri jibu. Kisha mnagawiwa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha maji, hata koo halilowi, nao wanakaa wametulia kama watu waliotoka kwenye pilau. Wamekatazwa chai. Wamekatazwa kahawa, pombe, sigara, na mairungi, yaani miraa, ambayo Baba zamani alitafuna hadi shavu likavimba. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanashinda na njaa. Nilijiuliza, hawa wakubwa wanafurahia nini hasa? Mtu aliyenyimwa yote hayo na bado anacheka, nilijua lazima anaficha kitu.

Mwenye shaka zaidi yangu alikuwa mmoja tu, naye ni Haboba. Ndivyo Wanubi tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama mzazi wa Baba, aliishi Koboko, na alikuwa na ugomvi na kanisa lile juu ya kikombe cha kahawa. Kwa Wanubi kahawa si kinywaji cha kuondoa usingizi. Haboba alikaanga mbegu mwenyewe mpaka zitoe moshi, akazitwanga na tangawizi, akachemsha, akamimina kwenye finjani, na yule anayepewa finjani ya kwanza anajua amepokelewa. Mwanawe alipoirudisha, akasema kwa upole kwamba sasa hanywi, Haboba aliwageukia aliokuja nao. Siku hiyo Baba alikuwa amekuja na wamisionari wawili, vijana wasiofika miaka ishirini na mbili, na katika kanisa lao vijana kama hao huitwa Mzee. Haboba alimtazama mmoja kuanzia viatu hadi kidevu.

"Mzee?" akasema. "Ndevu yake iko wapi?"

Likizo ya mwezi wa nane nilipelekwa Koboko kama kawaida. Asubuhi moja, nikiwa nimeshika kinu na yeye anatwanga, aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Baba yako iko na raha?"

Nikasema anacheka sana.

"Meno sijauliza. Meno hata mbwa iko nayo. Mimi nauliza roho." Akatwanga kidogo. "Mutu iko na raha hapana kataa kahawa ya mama yake. Wewe utaangalia yeye, lakini wakati hajui unaangalia. Kama roho yake iko muzuri, basi, mimi nanyamaza, nitaachana na yeye na dini yake. Kama iko mubaya, niambie. Nitakuja kumuchukua mutoto wangu."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Nilirudi Arua nimevimba kichwa, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kuniamini na jambo lolote zaidi ya kununua chumvi. Amani ya Baba na mama yake ilikuwa mikononi mwangu, na mimi nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilimchunguza Baba wiki tatu. Nilimchungulia akinyoa. Nilimwangalia akirekebisha baiskeli za watu kwenye kibanda chake, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, nikitegea uso wake pale mteja anapogeuka kuondoka. Uso haukubadilika. Jumatatu jioni alituita sote tukae naye, kama kanisa lao linavyoagiza, tuimbe, tule karanga, na kila mmoja aseme jambo moja lililompendeza wiki hiyo. Mimi nilisema karanga. Nilimwona Mama anauma mdomo asicheke, lakini Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema karanga ni jambo zuri. Hata hapo nilimshuku. Furaha ya kuitishwa kila Jumatatu, nilijiambia, ni kama hesabu ya kunakili kwa mwenzako.

Kisha ikaja Jumapili ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo ya njaa hakuna mhubiri. Mtu yeyote anayetaka anasimama, anakwenda mbele, anasema anachoamini, anarudi kuketi. Akasimama fundi cherehani, akasimama mwalimu mmoja mwanamke. Kisha Baba akasimama.

Maneno yake sikuyasikiliza, nilikuwa kazini. Nilitazama uso tu. Alianza vizuri, akasema anashukuru, akasema ana furaha. Halafu kidevu chake kikaanza kutetemeka. Nilidhani ni njaa. Machozi yakatoka, si moja wala mawili, yakashuka mpaka kwenye kola ile iliyopigwa pasi, na pua nayo ikatoa yake. Alishika meza kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, mtu mzima, mtoto wa askari, mbele ya watu wapatao thelathini. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu alimpa kitambaa. Baba akafuta uso, akamaliza maneno yake, akarudi akaketi kando yangu, na mkono wake aliouweka begani mwangu ulikuwa wa moto.

Niliona aibu. Katika ukoo wetu mwanamume halii. Haboba alikuwa akisema machozi ya mwanamume huenda tumboni, na nilikuwa nimewaona baba zangu wadogo wakifukia maiti na nyuso kavu. Tulipofika nyumbani nikaiba simu ya Mama, nikajificha nyuma ya choo, nikambipu Haboba. Akapiga.

"Baba amelia," nikasema.

"Amelia wapi?"

"Mbele ya watu. Kwa sauti."

Kisha simu ikakatika. Sikumwambia kwamba ilikuwa kanisani, kwa sababu kwangu hilo halikuwa habari. Habari ilikuwa machozi.

Na yeye, kwa akili ya watu wetu, alielewa kitu kimoja tu. Mwanamume wa ukoo ule akilia mbele ya watu, basi amefiwa na mke au mtoto, maiti iko ndani ya nyumba yake.

Jumatatu jioni tulikuwa tumekaa uani, tuko katikati ya wimbo, bakuli la karanga katikati yetu, tukasikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Haboba aliingia wa kwanza, kanga kichwani, mikono juu. Nyuma yake shangazi zangu wawili na mikeka ya matanga, gunia la sukari na birika kubwa la kahawa la kukodi. Majirani wakamiminika. Mmoja alikuwa ameanza kulia kabla hajajua anamlilia nani. Haboba akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akafika mwisho, akarudia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Mama," Baba akasema, bado ameshika kitabu cha nyimbo.

"Kwa nini umelia?"

Baba aligeuka polepole akanitazama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekaa pajani pake. Nikateremka nikaenda nyuma ya Mama.

Shangazi waliwaondoa majirani. Haboba hakuketi. Aliomba jiko, akapika kahawa pale pale, akamimina finjani moja, akaisogeza mbele ya Baba.

"Sasa niambie, mimi mama yako. Wewe iko na raha ama hapana?"

Nilisogea nione. Lile ndilo swali langu la wiki tatu. Tabasamu la Baba lilikuja nusu njia likafa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, kule nikilia, hakuna mutu anauliza nani amekufa."

"Sijauliza hiyo."

"Najua, Mama."

Aliishika finjani kwa mikono miwili muda mrefu, kisha akaiweka chini karibu na miguu ya mama yake, taratibu, asimwage. Haboba alichukua kanga yake. Yeye na shangazi walilala kwa ndugu wengine usiku ule, na asubuhi walirudi Koboko na mikeka yao. Miaka minne Haboba hakukanyaga kwetu. Mimi niliona nimeshinda: Baba ameulizwa ana kwa ana, kashindwa kujibu. Nilijiambia, unaona, nilijua.

Mama ndiye aliyenieleza, nikiwa nimeshaolewa, tunachambua mboga. Baba alikuwa na miaka tisa watu wa Koboko walipokimbia vita kwenda Sudan. Babu, baba yake mzazi, alikufa njiani, kwenye majani marefu, na wenye bunduki walikuwa wanapita barabarani karibu sana. Mtoto akataka kulia. Haboba alimziba mdomo kwa kiganja, akamwambia anyamaze, akanyamaza. Walipovuka salama kulikuwa na njaa ya kushughulikia, kisha maradhi, kisha maisha. Hakuna aliyekumbuka kumwambia yule mtoto kwamba sasa unaweza.

Niliacha mboga. Nilikumbuka jambo ambalo macho yangu makali hayakuwahi kuliona na maana yake. Tangu siku ya matanga yale yasiyo na maiti, Baba hakusimama tena mbele ya watu. Kila Jumapili ya kwanza niliona anaegemea mbele kwenye kiti, viganja magotini, kama anayetaka kuinuka. Halafu ananitupia jicho, na anaegemea nyuma. Miaka yote ya utoto wangu. Mahali pamoja pekee duniani alipokuwa amepata ruhusa, mimi nilikwenda kupashitaki kwa simu nyuma ya choo. Hakunichapa, hakunisema. Aliendelea kucheka na watu.

Ukiniuliza leo kama wakubwa wa kanisa lile wana furaha ya kweli, sitakuficha, bado nashuku. Nikiona tabasamu nyingi pamoja, mkono wangu unashika mkoba. Sikuendelea na kanisa lao wala la mtu mwingine yeyote. Nadhani wengine wao wanaigiza, na wengine wameigiza mpaka wamesahau, na yupo mmoja mmoja ambaye hajaigiza hata siku moja. Baba ni yupi kati yao sijui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa roho yake ikoje, nikaiona kwa macho yangu imefunguka, nikapeleka habari kwamba inaumwa.

Haboba alifariki mwaka jana. Yeye na Baba walikuwa wamepatana zamani, kwa uzee zaidi kuliko kwa maneno. Kule Koboko, Waislamu waliposimama safu kumswalia, Baba alisimama nyuma yao na shati lake jeupe, kisha akashuka kaburini kumpokea mama yake, kama mtoto wa kwanza anavyopaswa. Uso wake ulikuwa mkavu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu walimsifu kwamba ni mwanamume.

Jumapili ya kwanza iliyofuata nilimsindikiza kanisani. Sasa wana jengo lao, na viti vya mbao. Tulipofika mlangoni nikamwambia, "Baba, ingia. Mimi nitakaa nje."

"Jua iko kali," akasema.

"Nitakaa tu, Baba."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaingia. Niliketi kwenye ngazi nimeligeuzia dirisha mgongo. Nilipoanza kusikia watu wanasimama mmoja baada ya mwingine, niliinuka nikavuka hadi ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha bodaboda, ambako sauti haifiki. Alipotoka, nilimshika mkono nikatazama njia mbele yetu, si uso wake. Tulizungumza juu ya mvua. Sijui kama alisimama siku ile, na sijamwuliza.