Sauti ya Baba Baada ya Kusafishwa

Baba alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha kulima kwa zamu pale Samuye. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na yeye mbele akiwaimbia wenye majembe. Ujuzi wake wote ulikuwa katika kushusha sauti. Kila wimbo ulifika mahali pa kumshukuru mama mwenye shamba, aliyekuwa ameinamia chungu cha chakula. Hapo Baba alinong'ona, na majembe yakasimama ili watu wasikie. Ilipofika zamu yetu, aliyenong'onewa alikuwa Mama. Alijifanya anahangaika na kuni, lakini masikio yake yalikuwa shambani.

Mimi, msomi wa mjini Ngokolo, nikaona kipaji kinaozea kijijini. Nikampeleka Baba studio moja ya mtaa wa Kambarage, mjini hukohuko, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, ishara ya utaalamu wa hali ya juu. Aliuimba wimbo wa Mama mara moja tu, macho ameyafumba. Fundi alipousikia mnong'ono akatikisa kichwa. Alisema sauti imekufa pale, na kwamba kule machimboni Geita, anakouza nyimbo zake, wimbo wa namna hiyo utazikwa na wa kibanda cha jirani. Kweli, kule kila muuza chipsi ana spika ndefu kumshinda yeye mwenyewe, na mwenye kelele nyingi ndiye mwenye muziki mzuri. Basi mtoto mwema nikamwambia fundi apandishe sauti. Akapandisha, nikamwambia aongeze.

Palipokuwa chini pakainuliwa, palipokuwa juu pakakandamizwa, mpaka kwenye kompyuta wimbo ukaonekana umenyooka kama tofali. Fundi akasema sasa umekuwa msafi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama yule anayeimba ni yeye, kisha akamwambia fundi "wabeja", asante ya Kisukuma, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Niliambiwa wachimbaji waliupenda sana, maana ulisikika hata makarasha ya kusaga mawe yakinguruma. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwaka jana Baba alifariki. Nilirudi kwa fundi kuomba rekodi ya kwanza, ile kabla ya usafi. Alinishangaa. Alikuwa ameifuta siku ileile ya kurekodi. Nani anatunza uchafu?

Matanga yalipokwisha, Mama akaomba kusikia wimbo wake. Alikuwa hajawahi kuutaka, maana mwimbaji mwenyewe alikuwa naye ndani ya nyumba. Niliweka simu mkekani, nikapunguza sauti kadiri ilivyowezekana, nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo dawa. Mama alisogea, akainamisha sikio, akingoja mahali pake. Pakafika. Baba akamshukuru kwa sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe.

Mama aliinuka polepole.

"Zima," alisema. "Baba yako hakuwahi kunifokea."