Majani ya Maboga kwa Baba Yetu Moja

Nilipoolewa Kihesa, enzi za Mwingereza, mama mkwe alinifundisha kupika majani ya maboga yasipoteze rangi. Yamenye nyuzi, yatie kwenye maji yanayochemka, sali Baba Yetu mara moja, yaopoe, yachovye kwenye maji baridi. Saa hatukuwa nayo, lakini sote tulikuwa Walutheri. Mboga yangu ilitoka kijani kibichi mpaka majirani wakawa wanakuja kuchungulia.

Siku moja wifi yangu alirudi kutoka harusini Mbeya amevaa khanga yangu mpya, aliyoichukua bila kuniuliza. Ilikuwa na doa la mawese pana kama sahani. "Litatoka tu, wifi," akasema, akaenda kujilaza.

Nikaingia jikoni, nikatia majani, nikaanza kusali. Nilikwenda vizuri hadi "utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi tunavyowasamehe..." Hapo ulimi ukagoma. Nimdanganye Mungu kwa ajili ya mboga? Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Mara ya nne majani yalikuwa yameshakuwa uji wa rangi ya matope.

Mama mkwe akafunua sufuria, akachungulia. Mboga hakuisema. Aliniuliza tu, "Nani kakuudhi?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akakaa chini. "Mwaka niliofika hapa, baba mkwe wako aliniudhi. Alikula uji kama huu mpaka mavuno."

"Mwishowe ukamsamehe, mama?"

"Thubutu! Nilijifunza kuhesabu hadi hamsini."