Kesi ya Mwanakheri na Kimya Chake

Sisi tuliokulia Bagamoyo enzi za kuoga kwa kata na kupiga mswaki kwa kijiti hatukuwa na tamthilia za televisheni. Tulikuwa na Bibi Moza, mama yake baba yangu, na Bibi Moza alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, ya Mwanakheri wa Kaole na Habibu mchonga milango. Nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu, na jina langu lilikuwa likiitwa sana kwa sababu nilikuwa mtundu. Watoto wa leo wakishatazama filamu mara moja wanasema hiyo tayari, weka nyingine. Sisi kujua mwisho wa hadithi ndiko kulikotufanya tuitake tena.

Wakati wake ulikuwa baada ya alasiri. Tumetoka chuoni, juzuu ziko kwapani, masikio bado ya moto kwa kuvutwa na maalimu. Kama hakuna mchezo wa rede wala kombolela, tunajazana kwenye baraza la nyumba yetu, ambako Bibi na wanawake wa jirani wamekaa wakisuka ukili wa mikeka. Miyaa iliyotiwa rangi imetapakaa kila mahali, ole wako ukanyage. Ndani kunanuka mchele wa nazi unaotokota na udi aliofukiza mama. Bibi anatugawia visheti, mkono wake mwepesi kwa wajukuu wa kiume na mzito kidogo kwetu wa kike, halafu anakohoa. Hapo tunajua imeanza.

Mwanakheri alikuwa binti wa Kaole, mzuri, mpole, na alikuwa amempenda Habibu, fundi wa kuchonga milango hapa mjini. Walikuwa hawajaambiana mengi. Enzi hizo kuangaliana dirishani kulitosha kumnyima mtu usingizi mwezi mzima. Habibu akawa anajipanga atafute mshenga, na fundi akijipanga mnajua wenyewe. Akatangulia mzee mmoja mwenye mashamba ya minazi, akapeleka posa. Baba yake Mwanakheri akafurahi. Akamtuma somo wa binti, yule mama aliyemfunda, aende akamwulize kama ameridhika. Mwanakheri akainamisha kichwa akanyamaza. Na kwa desturi yetu watu wa pwani, kimya cha mwari ni ridhaa. Somo akatoka akasema amenyamaza, vigelegele vikapigwa, siku ikapangwa.

Siku ya harusi, hina bado mbichi mikononi, Mwanakheri akatoroka kupitia mikokoni wakati maji yamekupwa. Walikuwa wameagizana na Habibu wakutane ng'ambo ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Sasa Habibu yuko wapi? Habibu yuko kwa yule mzee mwenye minazi, anamalizia mlango wa nyumba ya bibi harusi, maana ndiye aliyepewa kazi hiyo, na akasema hawezi kuondoka na kazi nusu. Katika maisha yangu, huyo ndiye fundi pekee niliyewahi kumsikia aliyekataa kuondoka kabla hajamaliza. Alipofika, maji yalikuwa yamejaa na Mwanakheri amenasa katikati kwenye tope. Akajitupa kumfuata. Kesho yake wanawake waliokwenda kutafuta chaza wakawakuta wote wawili, wameshikana mikono.

Hapo Bibi anachukua ukili wake, na sisi tunafungua mahakama. Swali lilikuwa moja, nani aliyewaua. Binamu yangu Abdala, ambaye alikuwa na maneno kuliko kasuku, siku zote alijitolea kuwa wakili wa bwana harusi mzee. Anasimama, anakunja kanzu, anasema, "Mteja wangu kosa lake nini? Kaleta posa, kakubaliwa, kanunua mchele, kanunua mbuzi, kaagiza mlango. Huyu ndiye aliyedhulumiwa. Ule mchele aliula nani?" Wengine walimshitaki Habibu na mlango wake. Wengine walimshitaki somo kwa kubeba kimya kana kwamba kabeba maneno. Baba wa binti alishitakiwa pia, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu baba zetu walikuwa karibu.

Mimi nilikuwa mwendesha mashitaka mkali na mshitakiwa wangu alikuwa Mwanakheri mwenyewe. Nilikuwa sina huruma naye hata chembe. Nikisema, mdomo alikuwa nao. Alipotaka halua aliomba, alipotaka leso mpya aliomba, imekuwaje siku ya kuulizwa jambo la maisha yake akaota bubu? Mimi nikiulizwa nitajibu mpaka jirani asikie. Bibi Moza ndiye aliyekuwa hakimu, na hukumu hakuitoa hata siku moja. Jua likishuka anasema, "Kesi imeahirishwa. Kachoteni maji." Tunakwenda kisimani tukigombana njia nzima.

Katika wasikilizaji wa kesi hiyo alikuwamo Shangazi Zuhura, mdogo wa mwisho wa Baba, aliyekuwa akikaa nasi kwa kuwa babu alikwishafariki na Baba ndiye aliyebaki kuwa mlezi wake. Shangazi alikuwa mchekeshaji, mwenye kujua kukanda kichwa chako mpaka ukasahau umechapwa. Nilimpenda kuliko dada zangu, na hilo wanalijua, tumekwisha kugombana na tukapatana. Siku moja nilipokuwa nikimkaanga Mwanakheri wangu, yeye akanyanyua uso kutoka kwenye ukili akaniambia, "Rahisi kusema, mwanangu, ukiwa umeshiba visheti." Wanawake wakacheka. Mimi nikanuna.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini alisema vile. Mtu mzima mmoja wa Tanga, mfanyabiashara mwenzake Baba, mwenye heshima zake na tumbo lake, alikuwa ameleta posa ya Zuhura. Na Zuhura alikuwa na mtu wake. Aliitwa Ramadhani, kijana wa Kikwere kutoka Ubena ya huku kwetu Pwani, aliyekuwa akisomea uvuvi pale chuoni Mbegani. Kila akipata nafasi alikuja dukani kwa Baba kununua nyuzi za kushonea nyavu, na Abdala alikuwa akisema nyuzi alizonunua zingetosha kuufunga mji mzima wa Bagamoyo na kubakisha za kuifunga Zanzibar. Sote tulijua. Baba naye alijua, maana hakuna mwenye duka asiyejua mteja anatazama nini. Lakini kwetu tulikuwa watu wa kuhesabu koo, na mtoto wa mkulima wa huko Ubena hakuwa katika hesabu. Baba alifanya kama haoni.

Wiki ile ya posa Bibi Moza alisimulia hadithi ya Mwanakheri kila siku, bila kuombwa. Hata sisi tulianza kuchoka.

Ijumaa baada ya sala wageni wa Tanga wakaja. Wanaume wakakaa sebule ya mbele na kahawa yao, wanawake ukumbi wa ndani, na Shangazi chumbani nyuma ya pazia, amejifunika leso mpya. Nilijipenyeza na sinia la visheti, nikasimama karibu kabisa na pazia. Bi Tatu, somo yake Shangazi, akaingia. Nikamsikia akisema kwa ile sauti ya asali wanayoitumia siku kama hizo, "Mwanangu, kaka yako amekuletea mtu wa kheri. Umeridhika?"

Kimya. Ndani ya moyo wangu nikasema basi, ndiyo yale yale. Nilitamani kulia, na nilikuwa na hasira naye pia. Bi Tatu akageuka, akashika pazia ili atoke. Mama mmoja wa upande wa wageni, mwepesi wa furaha, akaanza kigelegele.

"Subiri, somo," Shangazi akasema. "Sikuridhika."

Hakupiga kelele. Lakini maneno yale yalikwenda mpaka sebuleni, maana kikombe cha mtu kilisikika kikiwekwa chini. Yule mama wa kigelegele alikuwa amefika katikati, ikambidi ameze kilichobaki, na mpaka leo nikikumbuka uso wake nacheka peke yangu. Wageni waliaga kwa adabu, wakasema mambo ya Mungu haya, wakaondoka bila kikombe cha pili.

Baba aliaibika sana. Alikaa muda mrefu bila kusema na dada yake. Yuko mbele yake mezani, lakini anatuambia sisi, "Mwambieni huyo chai haina sukari." Shangazi naye, "Mwambieni kaka sukari iko mkononi mwake." Tukawa tunabeba maneno ya hatua mbili kana kwamba tunatumwa Muscat. Mji nao ukasema, na mji wetu ukisema, unasema. Shangazi alikonda. Nilimkuta jikoni akilia juu ya kifuu cha nazi, nikamwuliza kama anajuta, akasema anaogopa tu kwamba amemkosa kaka yake. Mwisho Bibi Moza ndiye aliyechoka. Alimwambia Baba mbele yetu sote, "Wewe uliuliza, ukajibiwa. Kama hukutaka jibu, ungenyamaza wewe."

Baba akamwozesha Zuhura kwa Ramadhani, akasimama kama walii inavyotakiwa, na uso kama aliyemeza ndimu nzima. Shangazi akahamia Ubena. Walipoanza kuleta mahindi na mihogo ya shambani kwao Baba akawa wa kwanza kula, lakini neno la kupatana halikutoka kinywani mwake. Wanaume wa enzi ile walikuwa wanaomba radhi kwa kuongeza sahani.

Ikaja zamu yangu. Nilikuwa msichana wa umri wa kuolewa, na posa ilikuwa ya mwalimu mmoja kutoka Pangani. Nilikuwa nimemwona mara chache, na niseme kweli yangu, nilikuwa nimempenda. Tatizo hapo halikuwapo. Watu wakajaa, Shangazi akaja kutoka Ubena akakaa nami nyuma ya pazia, Bi Tatu akaingia, kazeeka, sauti bado ya asali. "Mwanangu, umeridhika?"

Jamani, haya yasikieni kwa wengine tu. Nikatazama miguu yangu, nikashika pindo la leso, nikalisokota. Mimi, niliyemfunga Mwanakheri kifungo cha maisha kwenye baraza mbele ya mashahidi, nikanyamaza jii. Bi Tatu akatabasamu, akatoka.

Mlangoni akamkuta Baba. Alikuwa ameacha wageni wake sebuleni akaja ukumbi wa wanawake, kitu ambacho mwanamume wa kwetu hakifanyi, na wanawake wakawa wanajifunika huku na huku.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amenyamaza, mashallah."

"Kunyamaza si kusema."

Akavuta kigoda, akakaa nje ya pazia. Nilikuwa naona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Akasema, "Mwanangu, zamani nilimwuliza dada yangu swali nikijua anampenda nani. Nilikuwa naomba anyamaze. Ninyi kila siku mlimshitaki Mwanakheri, nami nilikuwa nawasikia kutoka dukani. Mwanakheri hakuwa na kosa. Kosa ni la baba aliyeuliza huku mbuzi amekwishachinjwa. Sasa kwangu hakuna mbuzi aliyechinjwa. Ukikataa, nitawaambia wageni, na tutakula biskuti. Sema."

Shangazi Zuhura alikuwa ananishika mkono. Aliposikia "dada yangu" alianza kulia, na hakujificha. Nami nikalia kwa kumwona analia.

"Nimeridhika, Baba," nikasema.

"Sikusikia."

Nikarudia kwa nguvu mpaka wageni wa sebuleni wakacheka. Baba akainuka, akafunua pazia kidogo, akamwambia dada yake, "Zuhura, chai ya leo uipike wewe." Miaka yote hiyo, hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia yeye mwenyewe, si kwa kupitia mtu.

Bibi Moza na Baba wametangulia mbele ya haki. Mwalimu wangu wa Pangani yupo, anakoroma hapo sebuleni. Shangazi na Ramadhani wako Ubena, wazee, wanagombana kuhusu chumvi kuanzia alfajiri, na mmoja akienda hospitali mwingine hali. Lile baraza letu watu wamelikodi, wanauza vocha na kuchaji simu. Watoto wanakaa pale bega kwa bega, kila mmoja na kioo chake, na hakuna kesi inayosikilizwa. Niliwahi kuwasimulia wajukuu wa Abdala habari za Mwanakheri, kwa madoido yote. Nilipofika kwenye maji kujaa, mmoja akasema, "Bibi, si angemtumia lokesheni?" Kesi ikaisha hapo, hata mashahidi hatukuita.

Siwalaumu. Hakuna anayemtuma somo kwao, hakuna pazia, wanachaguana wenyewe na wanatutaarifu. Mwezi huu binti yangu, anayefanya kazi Dar, alinitumia picha. Kijana amepiga goti hotelini, pete, maua, watu wamewazunguka wanarekodi. Binti yangu anacheka kwa meno yote. Chini yake vikopa vyekundu. Kijana mwenyewe simjui kwa ubaya. Nikatazama picha ile asubuhi na jioni, nikaona watu wote waliokusanyika pale walikuwa wanasubiri aseme ndiyo, na simu zao zimekwishawashwa. Nikajiuliza angewezaje kusema neno jingine.

Basi nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikasema, mwanangu, pete nimeiona, inapendeza. Nakuuliza habari ya mtu. Umeridhika naye?

Vile vialama viwili vikageuka buluu. Amesikiliza. Siku imepita na ya pili yake, jibu hakuna. Baba yake anasema nisijisumbue, picha inatosha, mtoto amekubali mbele ya hoteli nzima. Dada zangu wanasema hivyo hivyo, na mmoja amekwishaanza kuulizia bei ya mchele.

Mimi nimeshatia leso mbili kwenye mkoba. Kesho nikisali alfajiri nakwenda Dar, na nikimkuta yuko kazini nitakaa nje ya mlango wake mpaka arudi.