Filimbi, Matope na Barua ya Kazi

Vitani nilirudi na viungo vyangu vyote, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Niliharibika kitu kimoja tu: nikisikia filimbi, nalala chini. Sikai nikafikiri kwanza. Filimbi ikilia, niko kifudifudi, mikono kichwani, hata kama nilikuwa nimeshika sahani ya wali.

Kamanda wetu kule mpakani alikuwa na filimbi ya bati. Akipuliza, tunalala, ukihesabu mpaka tano, kombora limeshatua. Rafiki yangu mmoja alitaka kwanza amalize kufunga kamba za buti. Hakumaliza. Tangu siku ile mwili wangu uliacha kuniomba ruhusa.

Vita ilipokwisha nikasoma fizikia chuo kikuu, nikaajiriwa na shirika la umma lililokuwa likitafuta mafuta ardhini. Nilipanga chumba Temeke, kwa mchonga vinyago mmoja kutoka kusini. Ilikuwa miaka ile ya foleni, na majirani waliposikia natafuta mafuta, walinijia na vidumu, wakidhani ni ya taa. Nikawaeleza kwamba sisi hatuyachoti, tunayasikiliza tu. Mwenye nyumba wangu alinitazama kwa huruma.

"Na yanasemaje?" akauliza.

Kazi yenyewe ni hivi. Mnachimba shimo, mnatia baruti, mnafukia. Ikilipuka, mtikisiko unashuka hadi kwenye miamba na kurudi juu, na vinasa mtikisiko vilivyochomekwa ardhini kwa mstari mrefu vinaupeleka kwenye mtambo ulioko garini, nao unachora mistari kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyesoma mistari hiyo. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba wakati ule asitembee mtu, maana hata kuku akipita, karatasi inamwonyesha. Kwa hiyo kabla ya kulipua watu wanaonywa, inahesabiwa mpaka tano, ndipo baruti inalia.

Na wanaonywa kwa filimbi.

Siku ya kwanza, huko Pugu, nikalala chini mbele ya kikosi kizima. Nikasema nimejikwaa. Siku ya pili nikajikwaa tena. Siku ya tatu vibarua walikuwa wameshanitandikia gunia, na mmoja akanionyesha kwa heshima zote: "Karibu, mtaalamu, pakavu hapa."

Ningeweza kuishi na gunia lile, lakini nilikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Buguruni, na baba yake, karani mstaafu kutoka bara, aliamini kitu kimoja tu chini ya jua, nacho ni muhuri. Siku niliyokwenda kujitambulisha sikupewa hata nafasi ya kukaa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umethibitishwa kazini?"

"Bado, mzee. Niko kwenye majaribio, miezi sita."

"Basi na hapa uko kwenye majaribio. Lete barua ya kuthibitishwa, yenye muhuri, ndipo tuzungumze habari za posa."

Nilimpenda yule mwalimu kuliko nilivyopenda fizikia, na fizikia niliipenda sana. Lakini ni mkuu gani atamthibitisha mtaalamu anayelala chini kila saa? Nikamweleza mchumba wangu ukweli wote, mpaka habari za kamba za buti. Hakucheka. Jumapili iliyofuata akaja Temeke na filimbi ya michezo ya shuleni kwao.

"Mie nina watoto hamsini darasani," akasema. "Wewe mmoja utanishinda?"

Nilimshinda. Alipuliza nikiwa nakunywa chai, nikalala. Alipuliza nikiwa nimefumba macho, nimeziba masikio kwa pamba, nikalala na pamba yangu. Mara ya nne nikaangukia beseni la nguo za mke wa mwenye nyumba, zilizofuliwa kwa kipande cha sabuni walichokipangia foleni siku nzima. Mwenye nyumba akatoka na patasi yake mkononi.

"Mwalimu, nakuomba, mjaribu kwa kengele! Sabuni yenyewe ndiyo hiyo imekwisha!"

Mwezi wa sita wa majaribio yangu, mkuu wetu akaja Pugu kutoka makao makuu kukagua kazi. Alivaa suti nyeupe ya mikono mifupi, iliyopigwa pasi hadi ukawa unaogopa kuigusa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Akachagua kusimama, kati ya sehemu zote za msitu ule, ubavuni kwangu. Nikashika kitasa cha mlango wa gari kwa mikono miwili na kuapa kwamba leo nitakufa nimesimama.

Filimbi ikalia. Kitasa kiling'oka.

Nilimvaa mkuu kiunoni, nikamlaza matopeni, nikamfunika kwa mwili wangu kama nilivyofundishwa, na sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu mpakani ikanitoka: "Laleni chini nyote!" Vibarua wakalala. Dereva akalala. Mpishi akalala na mwiko wake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, baruti ikalia, na ardhi ikatutikisa matumboni.

Chini yangu nikasikia sauti ya upole. "Ndugu, naweza kuinuka?"

"Bado, mkuu. Mtambo unachora."

Tulipokwenda garini nilikuwa nimeshaivunja posa kichwani mwangu. Karatasi ikatoka. Ilikuwa safi kupita zote tulizowahi kupata, miamba imejipanga kama matuta ya viazi. Miezi yote ile tulikuwa tunapata michoro ya vibarua wakijikuna na kufukuza mbu. Mkuu aliitazama, tope likimdondoka kidevuni.

"Siku zote mlikuwa mnasimama?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kwa nini?"

Kuanzia siku hiyo ikawa amri, filimbi ikilia kila mtu alale, na mimi ndiye niliyewekwa kuwafundisha wengine. Mafuta hatukuyapata Pugu, ila barua yangu ilitoka. Karani mstaafu aliuinua muhuri kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa, akasema ni halali.

Tulifanyia sherehe ya harusi uani Temeke. Mwenye nyumba, kwa mapenzi yake, alinialikia ngoma ya kwao kusini, na hakuna aliyekumbuka kwamba kiongozi wa ngoma ile huanza kwa filimbi.

Nikalala. Kikosi changu kizima nacho, kwa nguo zao za sikukuu, kikalala. Mkuu, kwa suti mpya, akalala kando ya sinia la pilau. Baba mkwe alibaki amesimama na soda yake.

"Hawa watu wamekunywa nini?" akauliza.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Kisha nikasikia gauni likiburuzika, na mke wangu akajilaza vumbini kando yangu, na shela lake jeupe, akaniwekea mkono shingoni.

"Moja," akasema taratibu. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Haya, mume wangu. Hakuna kitu."

Tangu mpakani nilikuwa nahesabu peke yangu, na baada ya tano niliendelea kusubiri. Siku ile sikusubiri. Nikainuka, nikamfuta vumbi, nikamwambia twende tukacheze. Nyuma yetu baba mkwe, magoti yakimsumbua, ndiyo kwanza alikuwa anajilaza.