Kitabu Kimoja cha Ugalla

Nilikwenda Ugalla kumwachisha mtu kazi. Ilikuwa miaka ile ya sabini tulipoambiwa kila mtoto aingie shule, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa chaki wafundishe. Mimi mkaguzi, mtu wa chuo, nilikuwa siwataki kabisa. Niliposikia kwamba Leokadia, mwalimu pekee wa shule moja kule, hana hata ubao, nikasema huyo basi. Nikafunga kamba za viatu, mguu juu ya boksi lililokaa siku zote chini ya meza yangu, nikaondoka.

Asubuhi, stesheni ya Mpanda. Treni ilichelewa, nikanuna. Njia nzima ni msitu wa miombo tu, na mizinga ya nyuki juu ya miti.

Saa nane mchana nikashuka. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea na baiskeli, mbung'o wakatung'ata mpaka ndani ya soksi.

"Ndugu Mkaguzi, ukimwondoa huyu binti, utatuletea mwingine?"

"Hakuna mwingine. Shule itafungwa."

Akakaza kukanyaga pedali hadi tulipofika.

Shuleni nilikuta banda la nyasi na watoto wakiandika kwa mkaa juu ya magome ya miti, yale wanayotengenezea mizinga. Leokadia aliniamkia kwa heshima. Nikamwita binti, neno mwalimu sikutaka kumpa. Nikataka mtoto yeyote aje asome. Akaja Skola, msichana wa darasa la pili. Nikampa kitabu kilichokuwa hapo chini. Akakipokea, akakigeuza juu chini.

Mama yangu! Hata kushika kitabu hajui! Nikatoa kalamu, nikaandika: hawajui kitu. Sijamaliza, mtoto akaanza kusoma. Akamaliza ukurasa mzima bila kukwama, picha ya ng'ombe miguu juu. Nikamgeuzia kitabu sawasawa. Akakwama neno la kwanza.

Nikaita wa pili. Huyo alikilaza kitabu ubavu, akasoma vilevile.

"Binti, hiki ni kitu gani?"

"Kitabu tunacho hicho kimoja, Ndugu Mkaguzi. Nakiweka chini katikati, wanakizunguka. Kila mtoto amejua kusoma kutokea pale alipokaa. Sasa nimeanza kuwahamisha kila siku. Wale wadogo wanasoma pande zote."

"Kwa nini hukuomba vitabu?"

"Niliandika barua tatu. Nikajibiwa vimeshafika Mpanda, nyie subirini."

Kesho yake nilirudi nimewaka. Kwenye treni niliichana ile ripoti, nikawa natunga maneno ya kumsema huyo mzembe aliyekalia vitabu vya watoto. Nikaingia ofisini kwa kishindo. "Vitabu vya Ugalla viko wapi?"

Karani aliinua kidevu kuelekeza chini ya meza yangu.

Jina la shule lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa lile boksi, kwa herufi kubwa. Juu yake kulikuwa na alama za viatu vyangu. Jamani, niliona aibu.

Treni iliyofuata nilipanda nalo. Nililifungua mbele ya watoto, kila mmoja akashika kitabu kwa namna yake, Skola juu chini. Leokadia akafuta vumbi kwenye kifuniko.

"Vilikuwa wapi siku zote hizi, Ndugu Mkaguzi?"

Ningeweza kusema mvua, au treni.

"Vilikuwa chini ya miguu yangu, mwalimu," nikasema.